Vitabu vya mtihani wa mitandao, na kile kilichokwama Somanga

Tangu nilipofaulu mtihani wa mitandao ya kompyuta uitwao ENCOR hazipiti wiki mbili bila mtu kunipigia simu akitaka nimtajie kitabu. Wengine ni mafundi wa hapa Mtwara ninaofahamiana nao tangu enzi za kuvuta kebo darini, wengine wako Masasi, Nachingwea na Lindi mjini, na swali lao huwa ni lile lile: "Kaka, ulisoma kitabu gani?" Huwa nasita kujibu, wala si kwa uchoyo. Mara ya kwanza nilipoufanya mtihani huo nilikuwa na vitabu kumi na kimoja ndani ya kompyuta yangu, nikafeli. Mara ya pili nilikuwa na vitabu vitatu, nikafaulu. Jibu la jina moja kwenye simu lingemdanganya anayeuliza, ndiyo maana nimeona niliandike kwa urefu.

Kabla ya kitabu kuna mtihani wenyewe. ENCOR, unaotambulika kwa namba 350-401, ni mtihani mkuu wa CCNP Enterprise, cheti cha ngazi ya kati cha mafundi wa mitandao, unaotolewa na Cisco, kampuni inayotengeneza vifaa vya mitandao. Huchukua dakika 120 na ada yake ni dola 400 za Marekani, ambazo kwa viwango vya mwaka 2024 zilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja, kabla hujahesabu nauli ya kwenda Dar es Salaam na mahali pa kulala. Anayeufaulu huongeza mtihani mmoja wa kuchagua ili apate cheti cha CCNP, nami nilichagua ENARSI, namba 300-410, unaozama zaidi katika uelekezaji, yaani jinsi data inavyochaguliwa njia. Lakini ENCOR peke yake humpa pia mtahiniwa haki ya kuomba maabara ya CCIE, cheti cha juu zaidi, mtihani wa vitendo wa saa nane ambao ada yake ni dola 1,600. Cheti hudumu miaka mitatu, kisha unapaswa kukihuisha. Mtu anayebana bei ya kitabu huku akiiweka rehani ada ya namna hiyo anafanya hesabu upande mmoja wa daftari.

Cisco huweka bure mtandaoni orodha ya mada za mtihani, na orodha hiyo ndiyo inayopaswa kusomwa kabla ya kitabu chochote. Katika toleo la 1.1, nililolisomea mimi, miundombinu ilibeba asilimia 30, usalama 20, usanifu 15, otomatiki 15, mashine pepe 10 na uhakiki wa mtandao 10. Niliichapa kwenye steshenari moja ya Ligula na kuibandika ukutani juu ya meza, nayo kwa wiki nzima ikawa inanisuta, kwa sababu nilikumbuka kwamba katika maandalizi ya mara ya kwanza nilitumia karibu miezi miwili kwenye BGP, itifaki (kanuni za mazungumzo ya ruta, vile vifaa vinavyoelekeza data) ninayoipenda, na siku nne tu kwenye otomatiki, ambayo sikuipenda.

Jambo ambalo sikuliona mapema ni vitenzi vya orodha hiyo. Kila mada hutanguliwa na kitenzi: eleza, linganisha, sanidi, hakiki. EIGRP imetajwa kwa kulinganishwa na OSPF tu, zote mbili zikiwa itifaki ambazo ruta hutumia kuambizana njia, ilhali OSPF yenyewe, toleo la 2 na la 3, unatakiwa kuisanidi na kuihakiki. Tofauti hiyo ni kubwa unapochagua kitabu. Kitabu chenye sura tano za EIGRP huenda ni kizuri sana, na bado kikakupotezea mwezi mzima kwa ajili ya mtihani ambao katika EIGRP utakuuliza jinsi inavyotofautiana na mwenzake. Siku hizi mtu akiniletea kitabu anachotaka kukinunua, naweka orodha ya yaliyomo pembeni ya orodha ya mada, kisha nampa kalamu atie alama mwenyewe.

Halafu kuna suala la mwaka. Fundi mmoja wa Lindi alikipata kitabu kinene cha mtumba jijini, jalada lake bado linang'aa, akanitumia picha kwa furaha. Kilikuwa cha mtihani wa ROUTE, namba 300-101. Ilinibidi nimwambie kwamba mtihani huo uliondolewa Cisco ilipobadilisha mfumo mzima wa vyeti vyake tarehe 24 Februari 2020. Hata hivyo sikumwambia akitupe. OSPF toleo la 2 imeelezwa katika RFC 2328 ya Aprili 1998, mojawapo ya nyaraka rasmi zinazoeleza itifaki za intaneti, na kiini chake ni kile kile leo; anayeielewa kupitia kitabu cha zamani ameielewa kweli. Kisichokuwemo humo ni mambo yanayobeba sehemu kubwa ya mtihani wa sasa, kama teknolojia za SD-WAN na VXLAN, pamoja na otomatiki. Kwa hiyo kitabu cha zamani ni sawa na mzee wa mtaa: ukimuuliza mipaka ya mashamba atakuonyesha hadi mwembe uliokwisha katwa, lakini usimuulize bei ya leo ya bando.

Namba ya mtihani iliyoandikwa kwenye jalada, basi, ndicho kitu cha kwanza kutazama, na toleo la kitabu ndilo la pili. Haya yanatosha kukuepusha na hasara, ila hayatoshi kukuonyesha kitabu kizuri. Njia yangu ya kukipima kitabu niliipata kwa bahati, kutokana na hitilafu iliyonitesa.

Ofisi ninayofanyia kazi ina jengo kuu na ghala, na kati yake kuna kiungo cha redio. Oktoba moja, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto na malori yamepanga foleni nje ya ghala, ruta ya ghala iliungua. Tulifunga nyingine tuliyoitoa stoo, ambayo hapo awali ilikuwa ikifanya kazi tofauti. Taa zikawaka. Nikajaribu ping, ujumbe mfupi wa kuuliza kama upande wa pili upo, majibu yakarudi. Nikatazama OSPF: ujumbe wa Hello, yaani wa kusalimiana, ulikuwa unapita kila baada ya sekunde 10 kama kawaida, ruta mbili zikawa zimetambuana, lakini uhusiano wao uligoma kufika hatua ya Full, yaani ya kukamilika. Ulifika ExStart, hatua ya kujiandaa kubadilishana taarifa, ukakaa hapo, ukaanguka, ukaanza upya. Nilikalia kreti la soda tangu saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi, nikabadilisha kebo, nikazima na kuwasha, nikalinganisha namba za eneo na nywila, huku karani wa mizani akija kila dakika kumi kuniuliza kwa upole unaoumiza, "Fundi, bado?"

Kosa lilikuwa MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti, kifurushi cha data, kinachoweza kupita bila kukatwa. Upande wa jengo kuu ilikuwa 1500. Upande wa ghala, kwa sababu ya kazi ile ya zamani, mtu aliwahi kuiweka 1400 na hakuna aliyeikumbuka. Ruta za OSPF zinapofika hatua ya kubadilishana muhtasari wa hifadhidata zao, kila moja hutaja MTU yake ndani ya ujumbe huo, na inayopokea ikiona namba iliyotajwa ni kubwa kuliko inavyoweza kupokea bila kukatwa vipande, huutupa ujumbe wote. Hello ni ndogo na haitaji MTU, ndiyo maana inapita. Ping ya kawaida nayo ni ndogo, ndiyo maana inajibu. Kila unachokijaribu kinakwambia njia ni nzima, huku ruta zenyewe zimekataa kuzungumza.

Tangu siku hiyo, kila kitabu ninachotaka kukinunua hukiuliza swali hilo. Naanza nyuma, kwenye faharasa, natafuta MTU au ExStart, kisha nafungua ukurasa unaotajwa. Cha kwanza nilichokipima hakikuwa na neno lolote. Cha pili kilikuwa na mstari mmoja: mkitofautiana MTU, andika amri ya ip ospf mtu-ignore. Amri hiyo ni kweli ipo na kweli hufanya ruta zifike Full, lakini kinachofanyika ni kuondoa ukaguzi tu. Kama njia haiwezi kweli kupitisha pakiti kubwa, umelifunika shimo kwa mkeka, na siku hifadhidata itakapokua mtu atatumbukia. Kitabu kinachokupa amri bila kukueleza hilo kinakuandaa kwa swali moja tu. Cha tatu kilieleza ujumbe gani unabeba namba hiyo, nani anaukataa na kwa nini, kikaonyesha matokeo ya ruta kwenye ukurasa unaofuata. Hicho nilikinunua.

Si lazima swali lako liwe la MTU. Chukua hitilafu yoyote iliyowahi kukunyima usingizi, ambayo jibu lake unalijua kwa uhakika kwa sababu ulilipata kwa jasho, uone mwandishi anaishughulikiaje. Kwa mada usiyoijua huwezi kumpima mwandishi. Utavutiwa na lugha yake na michoro yake tu.

Sasa nivitaje vitabu nilivyovitumia. Cha kwanza ni mwongozo rasmi wa mtihani, ule wa Cisco Press ulioandikwa na Brad Edgeworth na wenzake watatu, wenye kurasa takribani elfu moja. Huu hauna mbadala kwa kazi yake, nayo ni kukuonyesha mipaka ya mtihani. Kila sura huanza na jaribio fupi la kukupima kama mada hiyo unaijua tayari, na ushauri wangu ni kulifanya kwa uaminifu kabla ya kusoma, kalamu mkononi, bila kuchungulia majibu. Lakini usilichukulie jaribio hilo kama kipimo cha mtihani, maana maswali yake huwa mepesi kuliko yale ya siku yenyewe. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo: nilipata karibu yote, nikavimba kichwa, nikakata tiketi ya basi. Mwongozo huo pia, kwa kuwa unalazimika kugusa kila mada, mahali pengine hugusa na kupita. Ni ramani nzuri, ila kijiji chenyewe utakijua kwa kutembea.

Cha pili ni Routing TCP/IP cha Jeff Doyle, juzuu ya kwanza, toleo la pili la mwaka 2005. Ni kitabu cha zamani, na nimekwisha sema kwa nini hilo halinitishi. Humo utakuta pia sura ya IS-IS, itifaki nyingine ya uelekezaji, ambayo ENCOR haiihitaji. Niliiruka bila kujilaumu. Nilichokitafuta ni OSPF, na hapo ndipo nilipoacha kusoma kwa Kiingereza kichwani na kuanza kujieleza kwa Kiswahili pembeni mwa ukurasa. Vitabu vya fani hii hutofautisha ruta ambazo ni majirani tu na ruta ambazo zimekamilisha uhusiano wa kupeana hifadhidata. Nilisoma tofauti hiyo mara nyingi bila kunikaa, mpaka nilipoandika kwa penseli: kuna jirani wa kusalimiana na jirani wa kuombana chumvi. Ukiunganisha ruta tano kwenye swichi moja, zote husalimiana, lakini kila ruta ya kawaida huombana chumvi na ruta mbili tu, ile iliyoteuliwa kuwa mkuu na ile ya msaidizi wake. Zilizobaki, zenyewe kwa zenyewe, huishia hatua ya 2-Way, na hiyo ni hali ya kawaida kabisa. Nimeshuhudia mafundi wakihangaika jioni nzima kutibu 2-Way ambayo haikuwa na ugonjwa.

Cha tatu ni TCP/IP Illustrated cha W. Richard Stevens, juzuu ya kwanza. Toleo lake la awali ni la mwaka 1994, na la pili, lililohuishwa na Kevin Fall, ni la mwaka 2011. Hakikuandikwa kwa ajili ya mtihani wowote, na ndiyo sababu nakipenda: Stevens hakuambii itifaki inavyopaswa kuwa kabla hajakuonyesha pakiti zenyewe zilivyonaswa kwenye waya, moja baada ya nyingine, pamoja na muda wake. Mwandishi huyu, kwa taarifa ya wale wanaodhani fani hii haijawahi kukanyaga udongo wetu, alizaliwa mwaka 1951 Luanshya, kwa majirani zetu wa Zambia. Nilisoma sehemu zake chache tu, hasa za TCP na za kukata pakiti vipande, na ninaamini ndizo zilizonifanya nisibabaike tena na habari za MTU.

Otomatiki sikuitafutia kitabu kingine. Mambo yake hubadilika upesi, na mtihani unataka uweze kusoma programu fupi ya Python, uunde JSON (muundo wa kuandika data) iliyo sahihi, na uweze kusanidi na kuhakiki NETCONF na RESTCONF, njia za kuendesha vifaa vya mtandao kwa programu. Sura za mwongozo rasmi zilitosha, pamoja na mazoezi ya kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Kuna hazina nyingine isiyouzwa: nyaraka za RFC. Zote ni bure. RFC 2328 ina kurasa 244, lakini faili lake la maandishi matupu halifiki hata megabaiti moja, kiasi kwamba mtu anaweza kulipakua kwa salio la mwisho la bando lake. RFC 4271 ya Januari 2006 inaeleza BGP. Sikushauri uanze nazo, kwa sababu ziliandikwa kwa watu wanaotengeneza ruta, si kwa wanaozisanidi. Zifungue pale vitabu viwili vinapopishana. Kifungu cha 10.6 cha RFC 2328 ndicho kilichonithibitishia habari ya MTU, na tangu hapo sijawahi kubishana na mtu juu ya jambo hilo bila kwanza kumfungulia.

Je, ununue cha karatasi au nakala laini? Hapa nina ushuhuda. Kitabu cha Doyle niliagizia Dar es Salaam, kikapakiwa kwenye basi mwanzoni mwa Mei 2024, siku zile kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu. Mvua ikakata barabara Somanga, wilayani Kilwa, magari yakarundikana pande zote mbili, na kitabu changu kikiwa humo ndani, sijui chini ya magunia ya nini. Kila siku nilimpigia simu utingo. "Kaka, kitabu chako kipo," alinijibu mara ya tatu, "sisi wenyewe ndio tunatafuta chakula." Niliona haya, sikupiga tena. Nilikipokea stendi baada ya njia kufunguliwa, bahasha imelowa pembeni, kurasa za nyuma zimevimba kidogo. Nilikuwa nimekwisha kujiapiza kwamba hicho ndicho kitabu changu cha mwisho cha karatasi.

Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei zikakatika kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, na intaneti ya nchi nzima ikadhoofika. Video za masomo nilizokuwa nikizitegemea hazikufunguka. Maktaba ya mtandaoni niliyokuwa nimeilipia haikufunguka. Kilichobaki mezani ni kitabu kilichovimba, faili la RFC na programu ya GNS3 iliyokuwa inaendesha ruta zangu za mazoezi ndani ya kompyuta mpakato bila kuhitaji mtandao wa mtu yeyote. Nilisoma siku hizo kuliko mwezi wowote uliotangulia. Kwa hiyo nimekuwa na utaratibu huu: kitabu ninachokirudia mara kwa mara nanunua cha karatasi, na ninachokitafutia jambo moja moja nanunua cha kielektroniki, nikihakikisha kimepakuliwa kabisa na hakisomwi kwa kuingia kwenye tovuti. Tatizo la karatasi hapa kwetu pwani ni unyevu na wadudu. Vyangu nimeviweka kwenye sanduku la bati pamoja na naftalini, na kabla ya kusoma navianika kidogo upenuni.

Sijayagusa madampo, yale mafaili ya maswali yaliyoibwa kwenye mitihani, na nisingeyataja kama yasingekuwa yanasambaa kwa kasi kuliko vitabu. Kanuni za mtihani zinayakataza, na anayebainika hunyang'anywa cheti. Mpwa wangu, fundi kijana aliyeko Lindi, alinitumia faili la maswali zaidi ya mia saba akitaka nilihakiki majibu. Nilijaribu ishirini ya mwanzo. Matatu yalikuwa na majibu ambayo ni makosa ya wazi, na mojawapo lilihusu OSPF. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba. Umeyaona?"

"Marahaba. Nimeyaona. Wewe la kumi na nne ulijibu nini?"

"Nilifuata walivyoandika."

"Ruta yako kule kazini nayo inafuata walivyoandika?"

Akacheka, kisha akanyamaza. Jumamosi iliyofuata alipanda basi la asubuhi, akafika nyumbani saa tano, akala, akasalimia watu wote wa nyumba kwa zamu, ndipo akaomba kuliona sanduku. Nilimtolea kitabu cha Doyle. Alikinusa, akakunja uso kwa ile naftalini, akauliza kama zile kurasa zilizovimba zinafunguka. Nikamwambia zinafunguka ukizivuta taratibu.

Hakuanza na ukurasa wa kwanza. Alikigeuza, akaenda moja kwa moja kwenye kurasa zile zile zilizovimba, akazibandua moja moja kwa ukucha akitafuta herufi M.